Marehemu Aliyesahauliwa Santiago

Kila anayepita mlangoni kwangu lazima aniulize habari za Dorinda na marehemu Celso, kana kwamba mimi ni redio ya kijiji. Juzi kaja hata binti wa mwenye duka la dawa, simu mkononi, eti "Bibi, nisimulie nikurekodi." Nikamwambia sauti yangu si ya kufungiwa ndani ya kisanduku. Nitaandika, mara moja tu, halafu nisisumbuliwe tena. Shule niliionja kidogo kabla sijakabidhiwa ng'ombe kuchunga, kwa hiyo herufi zikipinda, someni hivyohivyo zilivyopinda.

Dorinda ni yule mwanamke mfupi wa nyumba ya mwisho kabla ya daraja, anayetembea na mwavuli hata jua likiwaka. Aliolewa na Celso akiwa msichana, akaingia katika nyumba yenye ng'ombe saba, mama mkwe mmoja mwenye nguvu kuliko ng'ombe wote saba, na mume ambaye kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa kuitazama kazi. Dorinda alikamua, alifyeka nyasi, alichimba viazi, alichinja nguruwe kila Novemba, akazaa wana wawili ambao walikimbilia Barcelona mara tu walipojua basi linasimama wapi. Celso alikaa nje kwenye benchi la jiwe, akitoa maelekezo.

"Nyasi hizo bado mbichi, Dorinda."

"Mvua inakuja, Dorinda."

Ukimuuliza kwa nini haendi kumsaidia, anasema mgongo. Mgongo wa Celso ulikuwa maarufu kuliko Celso mwenyewe. Hakuna daktari aliyewahi kuuona ukiuma, lakini kijiji kizima tuliujulia hali kila Jumapili baada ya misa.

Mwaka fulani akashikwa na homa ya mapafu, akaona kabisa kwamba sasa anakwenda. Akamlilia Mtakatifu Andrea wa Teixido, kule pwani kwenye majabali: nikipona, nakuja kwako kwa miguu. Akapona. Ahadi ikawa kiporo. Mwaka wa kwanza ng'ombe alikuwa karibu kuzaa. Wa pili mahindi yalichelewa. Baadaye hakujisumbua hata kutafuta ng'ombe wa kumsingizia, alisema tu, "Mtakatifu ana subira." Kweli mtakatifu alikuwa nayo. Aliyeishiwa ni Celso. Alifia palepale kwenye benchi, mwezi wa pili, kofia kichwani, na majirani wawili walipita wakamsalimu wakaenda zao wakisema leo kanuna.

Sasa, ahadi ya Teixido haifutwi na jeneza. Mtu akifa nayo, roho yake inabaki inazurura mpaka mtu wa nyumbani kwake ampeleke. Kwetu hilo halina ubishi. Unakwenda makaburini, unagonga jiwe, unamwita kwa jina, unamwambia safari imeiva. Kuanzia hapo anakufuata. Ukikaa, mwambie akae. Ukiinuka, mwambie twende. Usipomwambia, habanduki, maana wafu wanatii neno kama lilivyosemwa, wala hawana akili ya kukisia.

Haukupita mwezi Celso akaanza. Ng'ombe mkubwa akagoma kupita mbele ya lile benchi. Milango ikawa inajifunga bila upepo. Dorinda akawa analala taa ikiwaka.

"Alipokuwa hai alininyima usingizi kwa kukoroma," aliniambia kwenye gari la muuza mikate. "Sasa hakoromi. Ananisubiri tu. Bora angekoroma!"

Alitaka kitu kimoja tu duniani: amfikishe Celso Teixido, amwache huko, arudi alale nyumbani kwake peke yake kama malkia. Na asingesema lolote zaidi, angekuwa amekwenda na kurudi ndani ya wiki moja. Lakini alimwambia wifi yake.

Wifi yake ni Obdulia, dada mkubwa wa Celso, ambaye hakuolewa kwa sababu, kwa maneno yake, hakuona wa kumfaa. Alisomeshwa na masista wa mjini Lugo, na tangu hapo anakula chungwa kwa kisu na uma. Aliposikia Teixido, akaweka mkono kifuani.

"Kugonga makaburi, wifi? Hayo ni mambo ya washenzi. Huu ni Mwaka Mtakatifu. Ndugu yangu anahitaji Santiago, kwa Mtakatifu Yakobo. Unapita Mlango Mtakatifu kwa niaba yake, unapata rehema kamili, anatoka toharani, kwisha."

"Hakumwahidi Yakobo, alimwahidi Andrea."

"Yakobo ni mkubwa."

"Basi kadaiwe na mkubwa, mimi nalala na mdaiwa wa mdogo chumbani!"

Wakalifikisha shauri kwa Padri Delmiro, kijana mwenye parokia tisa na gari moja, tena ilikuwa saa ya chakula cha mchana. Padri akatazama saa yake, akasema kwa furaha:

"Si mchanganye! Mnakwenda bara mpaka Santiago, mnapita mlangoni, halafu mnapanda kaskazini kwa njia ya pwani mpaka Teixido. Safari moja, baraka mbili!"

Ndivyo watu wenye njaa wanavyotoa hukumu.

Dorinda akaenda makaburini na mwavuli wake, akagonga jiwe. "Celso, inuka. Na usiniambie habari za mgongo." Asubuhi yake wakaondoka, wanawake wawili wazee na marehemu mmoja, tena wakati wa kuchimba viazi, jambo ambalo kijiji hakijawasamehe mpaka leo.

Njia ya bara haikuwa mbaya. Obdulia alikuwa amenunua fimbo mbili za chuma kama za watu wa theluji, na gamba la kombe la baharini, alama ya hija, limening'inia mgongoni likigonga chupa ya maji, kling kling, ungedhani mbuzi wa kengele. Kila baa waliyoipita aliingia kugongesha muhuri kwenye cheti chake cha hija. Dorinda alikuwa na viatu vya mpira, mwavuli, na mkate kwapani. Kila walipokaa kula alikata kipande akakiweka mbele ya nafasi tupu. "Celso, keti, kula." Wakiinuka, "Celso, twende." Obdulia alikuwa anageuza uso pembeni kana kwamba wifi yake anajikuna hadharani.

Na hao wageni njiani! Chupi zinakaushwa mgongoni juu ya mikoba, mchana kweupe. Karibu na Sobrado wakakutana na msichana mmoja Mjerumani, mwekundu kama kamba wa kuchemsha, anajua maneno ya kwetu mawili matatu.

"Bibi, mimi natembea kujitafuta," akasema.

"Pole, mwanangu," akasema Dorinda. "Ulijiacha wapi?"

Msichana akafikiri sana. Walimwacha akiwa bado anafikiri.

Tatizo likaanza walipoyaona mapaa ya Santiago. Kwenye foleni ndefu ya Mlango Mtakatifu, ile inayojipinda katika uwanja mkubwa nyuma ya kanisa, Obdulia akaanza kueleza.

"Akivuka kizingiti kile, dhambi zote zinafutwa. Anapaa moja kwa moja."

"Moja kwa moja wapi?"

"Mbinguni, wifi! Hata Teixido hamtakuwa na haja nayo."

Baridi ilimpita Dorinda mgongoni, na yeye mgongo wake ni wa kweli. Celso akipaa hapa, nani atasimama mbele ya Mtakatifu Andrea? Mtakatifu ataona kadanganywa mara ya pili, na atakayekuja kudaiwa ni nani kama si mjane? Foleni ikasogea. Obdulia alikuwa mbele, anasali kwa sauti ili asikike. Dorinda akageukia ukuta wa mawe, akanong'ona haraka:

"Celso, wewe ngoja hapa. Usiingie, wala usimsikilize dada yako. Natoka sasa hivi."

Akaingia, akasukumwa, akakanyagwa na Wafaransa, akaikumbatia sanamu ya mtakatifu kwa nyuma kama kila mtu, akatapikwa nje. Shida ni kwamba kanisa lile unaingilia upande mmoja na kutokea upande mwingine. Nje Obdulia alikuwa analia machozi ya furaha na kuona kizunguzungu cha njaa kwa pamoja. Ikabidi atafutiwe pweza wa kuchemsha, halafu divai, halafu pa kulala. Kesho yake mapema wakashika njia ya kaskazini, na Obdulia anasema kila hatua kwamba wanatembeza hewa, Celso ameshaketi na malaika. Walibishana kwa moto kiasi kwamba hakuna aliyesema "twende" kwa mtu yeyote.

Mchana wakafika Sigüeiro, wakakaa chini ya kibanda cha basi. Dorinda akakata mkate, akaweka kipande mbele ya nafasi tupu.

"Celso, ke..."

Kisu kikamdondoka.

"Una nini?" Obdulia akauliza.

"Nimemwacha."

"Umemwacha nani?"

"Celso. Nimemwacha uwanjani. Nilimwambia angoje ukutani."

Mtu angetegemea Obdulia acheke, maana kwake hayo yote ni ya washenzi. Hakucheka. Akasimama, fimbo zikaanguka.

"Ulimwambia asiingie?"

"Ndiyo."

"Yaani mimi nimelia kutwa nzima, nimemshukuru Mungu, nimemtumia padri ujumbe, na ndugu yangu yuko nje? Umemzuia mbinguni kwa mdomo wako?"

"Na wewe ulitaka kuninyang'anya mume kabla sijafika naye!"

"Mume uliyekuwa unatamani kumtupa!"

"Nitamtupa, lakini nitamtupa ninapotaka mimi!"

Watu waliokuwa wanasubiri basi wakasogea mbali kidogo, kisha wakarudi karibu ili wasikie vizuri.

Sasa mtu akiniambia Dorinda angeweza kumwacha palepale, namwambia nililiwaza hilo hata mimi. Alitaka aondokewe naye, na tazama, kaondokewa naye. Celso angesimama Santiago milele na milele, akitazama watu wengine wakichoka, na hiyo kwake ndiyo pepo. Dorinda mwenyewe alikiri kwamba wazo lilimjia na likakaa. Lakini alimwona akilini pale ukutani, na kofia yake, ametii. Mtu ambaye maisha yake yote hakutii neno lake hata moja, siku aliyotii ndiyo siku aliyosahauliwa. Akaurudisha mkate kwapani.

Basi la Santiago likafika. Obdulia akasita, akasema hujaji hapandi gari.

"Hujaji ni Celso," akasema Dorinda, "na humu hayumo. Panda!"

Uwanjani kulikuwa na watu kama siafu. Dorinda akasimama mbele ya ukuta akaita, "Celso!" Obdulia, hataki kushindwa, akaita upande wa pili, "Celso! Ndugu yangu, usimfuate, mimi ndiye niko mlangoni!" Wakawa wanaitana hivyo, huku na huku, mpaka mlinzi wa uwanja akaja, mtu mzima mwenye masharubu na redio begani.

"Mama, umepotelewa na nani?"

"Na mume wangu. Nilimwacha hapa jana."

"Jana! Ana umri gani?"

"Sabini na nane, na haongezeki."

"Amevaa nini?"

"Suti ya kahawia. Mgongoni tuliikata kwa mkasi, ilikuwa haimwingii tena."

Mlinzi alikuwa ameshaipeleka redio mdomoni. Akaishusha polepole.

"Mama, mnatoka wapi?"

"Vilalba."

"Mnampeleka Teixido." Akavua kofia. Alikuwa mtu wa Ortigueira, kule kwenyewe karibu na Teixido, ambako mtoto huyanyonya mambo haya na maziwa. "Na ulimwambia nini hasa? Neno kwa neno."

"Ngoja hapa, natoka sasa hivi."

"Sasa hivi! Tangu jana mchana! Mama, huoni hata haya? Marehemu wa watu kakeshea hapa na wanafunzi wenye magitaa! Hata mimi niliyelipwa sikuwastahimili."

Dorinda akainamisha kichwa, jambo ambalo mimi sijaliona tangu nimfahamu.

"Haya," akasema mlinzi, "anamfuata aliyemwalika. Nani aligonga kaburi?"

"Mimi," akasema Dorinda, kichwa kikainuka.

Obdulia alikuwa anafuta miwani yake kwa ukingo wa blauzi, na inaelekea ilikuwa chafu sana maana hakuacha kuifuta.

"Wifi?" akasema Dorinda.

"Niligonga na mimi," akasema Obdulia kwa sauti ndogo. "Wewe ulipoondoka. Kidogo tu. Kwa kidole."

"Kwa kidole! Mwanafunzi wa masista!"

"Ni ndugu yangu! Nilimlea! Ningemwachaje alale wakati wewe unamwita peke yako?"

Mlinzi akajikuna masharubu. Marehemu aliyealikwa na wawili ana njia mbili, alisema, na hawezi kwenda na mmoja akamwacha mwingine. Kwa hiyo watafanya hivi: dada amwingize mlangoni, na mke asimame upande wa kutokea, amdake kabla hajapaa.

Msicheke. Au chekeni, wenzenu wote walicheka. Mlinzi akawapitisha mbele ya foleni, Waitaliano wakapiga kelele, naye akawaambia kuna mzee aliyesimama hapa tangu jana, kama wana utu waache wivu. Obdulia akaingia kiwiko kakitoa pembeni, kama mtu anayemsindikiza bwana harusi. Dorinda akazunguka mbio, akasimama kwenye ngazi za upande wa pili, mwavuli kautanua juu kama mtu anayekinga matunda.

"Celso! Huku! Usipande! Mguu mmoja mbele ya mwingine, kama watu!"

Watalii wakampiga picha mpaka wakachoka.

Obdulia akatoka, uso umeloa. "Amekwenda," akasema. "Nimemsikia anakuwa mwepesi."

"Mwepesi gani! Yuko hapa. Bega langu la kushoto limekuwa zito na linanuka tumbaku."

"Ni mkoba wako, wifi."

Basi hapo hakuna wa kuamua, na mlinzi alikuwa amerudi kuwatuliza Waitaliano. Dorinda akasema, "Celso, twende," safari hii kwa sauti ya kuchunga, wakaondoka. Obdulia alifuata, akieleza kwamba yeye hamfuati marehemu, anafuata tu ili wifi yake asije akafia njiani na kuitia familia aibu.

Njia ile ya kupanda unakutana uso kwa uso na mahujaji wote wanaoshuka kutoka Ferrol. Kila mmoja ana huruma, kila mmoja anaonyesha kidole. "Bibi, Santiago ni kule!" Kutwa nzima. Mwanzo Dorinda alieleza. Baadaye alijibu, "Tumeshafika, hakuna kitu, rudini," na wapo waliosimama kweli wakatazamana.

Betanzos wakanunua mayai yaliyokaangwa pamoja na viazi, mviringo kama mkate. Obdulia ndiye aliyeshika kisu. Akakata vipande vitatu.

"Cha nani hicho?"

"Cha mbwa."

"Mbwa gani?"

"Nitamtafuta mbwa! Kula!"

Hapo njia ikakutana na bahari. Dorinda aliitazama kwa muda, kwa mara ya kwanza maishani, akasema ni maji mengi na hayafai kumnywesha hata ndama. Lakini kila jioni alikaa akaitazama tena. Wakapita Pontedeume, wakapita Neda, wakazunguka ghuba kwa ghuba, kushoto chumvi, kulia mikaratusi, na baada ya Cedeira ukungu ukashuka, farasi wa mwituni wakawa wanawatokea kama watu wanaotaka kuuliza jambo. Miguu ya Obdulia ilijaa malengelenge. Fimbo zake alikuwa amempa Mdenishi mmoja. Hakulalamika, akawa tu anasema mara kwa mara, kwa sauti ya chini akidhani hasikiki, "Taratibu, Celso, hapa panateleza."

Teixido ni nyumba chache na kanisa dogo lililong'ang'ania ukingoni, na vibanda vya kuuza sanamu za unga wa mkate. Walipanda mpaka kwenye lundo la mawe ambalo kila anayekuja huliongezea lake. Dorinda alikuwa na jiwe mfukoni, la mtoni kwetu. Akaliweka. Akasimama. Upepo ukawa unamvuta mwavuli.

Kilichobaki ni neno moja. Neno "baki". Asiposema, Celso atarudi nao mpaka Vilalba, na safari yote ni bure.

Hakusema.

"Wifi," akanong'ona Obdulia, "mwambie. Lazima umwambie, la sivyo atatufuata."

"Si ulisema yuko mbinguni?"

"Usinichokoze hapa. Mwambie! Tulimwalika wawili, lazima tumuage wawili." Obdulia akapiga magoti juu ya mawe, masista wangemwona wangezimia, akasema, "Celso, baki hapa, mdogo wangu. Hapa panafaa. Kuna pa kukaa." Kisha akajifuta pua akangoja.

Dorinda aliniambia mimi, na mimi tu, kwamba kwa miezi yote ile alikuwa ameliandaa neno hilo, analisema mbele ya jiko, analisema zizini, na sasa limegoma kutoka. Maana alikwisha kumwambia mara moja asimame mahali, akasimama. Alijua sasa kwamba atatii.

Akafunga mwavuli. Akajitia ukali, akapaza sauti ili ashinde upepo:

"Baki hapa, mvivu wewe! Na safari hii sirudi kukuchukua!"

Akageuka akashuka mbio bila kutazama nyuma. Obdulia anasema alikuwa analia. Dorinda anasema ni upepo. Mimi nawajua wote wawili, na upepo wa kule naujua.

Dorinda sasa analala taa ikiwa imezimwa, na kitanda kizima ni chake. Ukimuuliza kama analala vizuri, anakuambia shughulika na viazi vyako.

Nimemaliza. Na wewe uliyesoma mpaka hapa ukicheka kwa raha zako, huyo mumeo aliyekaa hapo kwenye kiti, au baba yako, ana ahadi aliyoiweka kiporo, wote wanayo. Funga karatasi hii sasa hivi, nenda mbele yake, mvute mkono, mwambie avae viatu aende mwenyewe wakati miguu bado ni yake. Halafu uniletee jibu lake, kwa mdomo, maana maandishi yananichosha, na usije mikono mitupu.